Siku Niliyofunga Mdomo Kwenye Theluji

Binti yangu alinituma nikamlete mtoto wake nyumbani. Hakusema hivyo waziwazi. Alisema niende nikamwone, nikae naye kidogo, nijionee hali yake, na nikiona inafaa turudi pamoja. Lakini tiketi yangu ya kurudi aliikata pamoja na ya mjukuu wangu, viti vya kukaribiana, kwa hiyo nilijua nimetumwa kufanya nini.

Mjukuu wangu anaishi nchi ya baridi na anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Macho yake yalianza kufifia akiwa hukohuko. Ugonjwa wenyewe una jina refu. Daktari wake alinitamkia polepole, akarudia, na mara zote likaniponyoka. Ninachojua ni kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni baada ya maji ya moto. Mwanga anauona, kivuli anakiona, rangi kali anaitambua ikiwa karibu. Uso wangu hauoni mpaka niwe karibu kumbusu.

Mimi na yeye tunaitana mke mwenza tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu babu yake alikuwa akimwita mke wake kipenzi na kuniambia nikaze mwendo nisije nikaachwa. Mzee alishakwenda zake, utani umebaki kwetu.

Siku za mwanzo hatukuligusa lile jambo. Nilimpikia, nikamfulia, nikampangia kabati la jikoni. Chumvi niliiweka pale nilipoona panafaa, na kila nilipogeuka aliirudisha ilipokuwa. Nikaihamisha tena, akairudisha tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kwamba mimi, kwa wema wangu wote, nilikuwa nampoteza jikoni kwake mwenyewe.

Mwishowe, tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza kama atarudi nami.

Aliendelea kukausha sahani iliyokwisha kukauka. "Mke mwenza," alisema, "Jumamosi wenzangu wa kazini wananipeleka kuteleza kwenye theluji. Sijawahi. Nataka nijue kama bado naweza kujifunza kitu kipya na macho haya. Nikishindwa, nafunga mizigo twende wote. Nikiweza, usinishike mkono kunivuta."

Nikasema sawa. Usiku nilimwomba Mungu amsaidie aweze. Halafu nikamwomba Mungu huyohuyo aniachie mtoto nirudi naye. Nilijua maombi hayo hayakai pamoja, nikamwachia mwenyewe achague.

Jumamosi asubuhi walitufuata kwa gari dogo la abiria. Dereva alikuwa Fundi, yule anayetengeneza mashine za kiwandani zinapogoma. Ni mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Aliponiona nimesimama mlangoni na koti la kuazima, alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wangu, akaniwekea kisanduku cha vifaa chini ili nikikanyage nisinyanyue mguu sana. Kisanduku akakirudisha nyuma, tukaondoka.

Kiti cha mbele alikaa mwanamke wanayemwita Redio, kwa sababu hazimwi. Yeye na mjukuu wangu wanakunja mashuka pamoja, huyu ncha hizi, yule ncha zile, na kutwa nzima mashine zinanguruma na Redio anaongea juu ya ngurumo. Zamani mjukuu wangu alikuwa chumba cha kuchambua, kazi yake kutafuta madoa. Macho yalipokataa, wakubwa walianza kunong'ona. Redio ndiye aliyekwenda kwa msimamizi akasema mwenzake wa kukunja ni mzembe, anataka abadilishiwe, na anamtaka yule msichana wa madoa, hataki mwingine. Mikono haihitaji macho kuijua pembe ya shuka. Niliyasikia haya baadaye kwa Fundi, kwa sababu katika maneno yote aliyosema Redio njiani, na yalikuwa mengi, hilo hakulitaja.

Wenzake hawa, wote wa lugha yetu, wanamwita mjukuu wangu Shangazi, ingawa ndiye mdogo wao. Pembe za shuka zisipolingana anawasema kama shangazi wa bwana harusi aliyekosa kiti cha mbele.

"Leo tutamwona Shangazi akikunjwa yeye," Redio alisema.

"Wewe mwaka jana ulikunjwa mpaka ukabebwa," mjukuu wangu akamjibu.

"Nilibebwa kwa heshima. Kuna watu wanabebwa na kuna watu wanaburutwa."

Tulipanda mlima kwa barabara ya kuzungukazunguka mpaka masikio yangu yakaziba. Theluji ya mjini nilikuwa nimeshaizoea, ile ya kukanyagwa iliyochanganyika na matope. Huku juu ilikuwa nyeupe mpaka inauma kuitazama. Wengine wa chumba cha pasi kiwandani walikuwa wametangulia na gari lao, wakatupokea kwa kelele, wakanikumbatia kama wananijua, na mmoja akavua skafu yake akanizungushia shingoni. Nilipotaka kukataa akasema yeye ana shingo fupi, baridi haioni pa kuingilia.

Kuna chumba ambako watu wanaazima vifaa. Kinanuka soksi zilizolowa, na mabuti yake ni mazito kama matofali. Mama mmoja wa pale alipiga magoti mbele ya mjukuu wangu kumvisha. Alipogundua kwamba haoni vizuri, hakupaza sauti kama watu wengi wanavyofanya, kana kwamba macho yakifa na masikio yamekufa. Aliuchukua mkono wake akauweka kwenye kila kifungo cha buti, kimoja baada ya kingine, halafu akakaa pembeni akamwacha avifunge mwenyewe. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Hakugeuka kuitazama.

Mwalimu alikuwa mzee, masharubu yameganda barafu. Alivua glavu ili anipe mkono. Kumbe kazi yake ni kuwafundisha wasioona na wenye kuona kidogo, na nilifurahi kusikia kwamba wako wengi wanaofanya jambo hili. Alizungumza lugha ya kule, Redio akanitafsiria. Mwalimu akisema neno, Redio ananipa sentensi. Akisema sentensi, napata hotuba.

Walianzia mahali pa tambarare. Mjukuu wangu akafungwa mbao ndefu za kutelezea miguuni, akapewa fimbo za kushika, akafundishwa kusimama, kukunja magoti kidogo, kusukuma visigino nje ili ncha za mbele zikaribiane, kwa maana hivyo ndivyo mtu anavyosimama asije akaenda mpaka kwa jirani. Alianguka. Akaonyeshwa namna ya kuinuka. Akaanguka tena, akainuka mwenyewe, theluji hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikihesabu shanga zangu za sala kichwani, maana za mkononi nilizisahau.

Halafu wakapanda. Kuna mkanda unaotembea, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege, unasimama juu yake unakupeleka hadi juu ya kilima cha wanaojifunza. Si kilima kirefu. Wenye kuona wanakishuka huku wanakula. Mwalimu alitangulia kushuka, akimwita kwa sauti, kushoto, kulia, simama, kwa lugha yake. Mjukuu wangu lugha ile anaijua, anafanya kazi kwa lugha hiyo na hata kugomba. Hata hivyo alikwama njiani, miguu ikapishana, akakaa chini.

Aliposhuka alimweleza mwalimu kwamba kila neno analielewa, lakini analielewa kwa kichwa kwanza, na likifika mguuni ameshapita pale lilipotakiwa. Mwalimu hakuudhika. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshausikia ugonjwa huo na dawa yake anayo. Aliuliza ni sauti ya nani kati yetu ambayo amezoea kuifuata bila kufikiri.

Kila mtu akamnyooshea kidole Redio.

Redio anajua kuteleza, amekaa kule miaka mingi na amelipia elimu hiyo kwa mifupa yake. Mwalimu akamfunga kipaza sauti kidogo kiunoni, akamvisha fulana ya rangi ya chungwa, na mjukuu wangu akavishwa ya aina hiyohiyo. Fundi akainama kuhakikisha waya umekaza. Masharti yalikuwa mafupi. Redio atatangulia polepole, mjukuu wangu ataifuata sauti popote inapokwenda, mwalimu atakuwa nyuma yao. Redio asinyamaze hata kidogo, kwa sababu sauti ikikatika, anayefuata anasimama.

"Mnaona?" Redio alituambia. "Watu wote mnaoniambia ninyamaze, leo serikali imeniambia niongee."

Wakapanda. Sisi tukajipanga pembeni ya njia, wa chumba cha pasi upande huu, mimi na Fundi mbele kidogo, karibu na wavu wa kuzuia watu wasitoke nje. Nikamwona anaanza kushuka. Alikuwa anakuja vizuri. Mabega yametulia, magoti yamekunjwa, na sauti ya Redio mbele yake inasema kushoto kidogo, kushoto, kama unaelekea mashine kubwa, sasa kulia, vuta shuka, vuta.

Yaliyofuata yalifanywa na mapenzi matupu. Mmoja wa chumba cha pasi akamwambia akunje magoti zaidi. Mwingine akamwambia ajihadhari na mtoto aliyekuwa mbali kabisa. Wa tatu akaanza kumwelekeza kulia wakati Redio anasema kushoto. Hata Fundi, ambaye ungeweza kukaa naye wiki ukadhani ni bubu, alipiga mluzi. Mjukuu wangu akaanza kuyumba, kichwa kinageuka huku na huku. Mimi nikaona hofu usoni pake, na uso ule nimeulea mimi. Nikafanya nilichofanya kila alipoogopa tangu anatambaa.

"Mke mwenza, niko hapa."

Akageuka. Alinijia moja kwa moja, kama mtoto anavyokuja, hakujizuia wala hakusukuma visigino nje, na mbao zile hazina huruma. Akaingia kwenye wavu mbele yangu kwa kishindo.

Mwalimu alifika kwanza, akamgusa miguu na mikono, akamuuliza hapa je, na hapa. Hakuvunjika popote. Lakini alibaki amekaa, mgongo kwenye wavu, akavua glavu moja akaitupa.

"Nifungueni hivi vitu," alisema. "Basi. Nimeona."

Nataka nieleze kilichonipata hapo, kwa sababu kilikuwa kidogo na kilipita upesi. Nilichokuwa nimetumwa kukichukua kilikuwa pale, kimekaa kwenye theluji mbele ya miguu yangu. Nisingehitaji kusema mengi. Ningemwambia pole mwanangu, twende zetu nyumbani, na angekuja. Binti yangu angelala usingizi. Na mimi ningezeeka nikiwa na mtu wa kunitania.

Mwalimu aliinua kichwa akauliza kitu. Redio alikitafsiri kwa maneno mawili tu, na hapo nikajua jambo ni zito.

"Nani aliita?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilidhani nitakaripiwa. Mzee yule aliinuka akasimama karibu nami, akaeleza taratibu kwamba karibu kila familia inafanya hivyo, na kwamba hajawahi kumwona mtu akiita kwa ubaya. Ila anayeteleza bila macho ana kamba moja tu ya kushika, nayo ni sauti iliyo mbele yake. Ukimpa kamba nyingi atashika ile anayoipenda zaidi, si ile inayomfikisha.

Wa chumba cha pasi wakatazama mabuti yao. Mimi nikapiga magoti kwenye theluji, Fundi akanishika kiwiko mpaka nikafika chini salama. Nikamwomba mjukuu wangu radhi. Yeye akapapasa mpaka akanipata shavu.

"Bibi, ukiniita nakuja," alisema. "Siwezi kujizuia."

Hakuniita mke mwenza. Ananiita Bibi pale tu utani unapokuwa hauna pa kukaa.

Nilimtafutia ile glavu aliyoitupa. Nikaikung'uta, nikaipuliza ndani ipate joto, nikamvisha kidole kwa kidole.

"Basi sitakuita," nikamwambia. "Panda tena."

"Na nikianguka?"

"Utainuka. Nimekuona ukiinuka asubuhi nzima."

Alikunja na kukunjua vidole ndani ya glavu. Halafu akamuuliza Redio anangoja nini, au betri zimekwisha. Redio akasema betri zake ni za kuzaliwa nazo. Wakamwinua.

Safari hii mwalimu alitupanga mwenyewe kama anapanga wanakwaya watakaokatazwa kuimba. Wa chumba cha pasi waliinua skafu zao mpaka puani. Fundi alitia mikono mifukoni na midomo akaikaza. Mimi nilisimama palepale karibu na wavu, nikashika ile skafu ya kuazima kwa mikono miwili, nikaibana kwenye mdomo.

Nilimwona akitokea juu. Mwanzoni aliogopa, niliijua hofu yake kwa jinsi alivyoinua bega moja. Redio alikuwa anaongea. Sasa hakuwa anatoa amri tu, alikuwa anasimulia habari za msimamizi na suruali yake mpya, jinsi alivyoinama kuokota foronya na suruali ikajiuzulu mbele ya kikao, na katikati ya habari anatia kushoto na kulia kama mtu anayetia sukari kwenye chai huku anaendelea na umbea. Kushoto sasa, Shangazi, basi akajishika nyuma hivi, kulia kidogo, akatuaga kwa kurudi kinyumenyume, visigino nje, polepole, nyumanyuma mpaka ofisini.

Walipofika katikati aliyumba. Bega likapanda tena. Moyo wangu ulikuwa umeshamwita, nilihisi jina lake limefika kwenye meno. Nikauma skafu. Inawezekana nilikata uzi, sikumwambia mwenyewe.

Akajirekebisha. Magoti yakashuka, ncha zikakutana, akaendelea.

Alinipita karibu sana. Theluji iliyoruka chini ya mbao zake iligonga koti langu. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, kwenye ile rangi ya chungwa na ule umbea, na alikuwa anacheka. Hakujua nilipo. Nilimtazama mgongo mpaka chini, aliposukuma visigino nje akasimama mwenyewe, kando ya Redio, bila kumgusa mtu.

Hapo ndipo wote tukapiga kelele. Fundi alipiga mluzi wake wote uliokuwa umebaki.

Alipanda tena na tena mpaka mwalimu akasema miguu inahitaji kupumzishwa. Tulikunywa chai ndani ya kibanda chenye joto, glavu zimepangwa juu ya bomba la moto kama samaki wanaokaushwa. Mama wa mabuti alikuja kwa makusudi kuuliza imekuwaje, akaelezwa, akampiga mjukuu wangu bega kama wanaume wanavyopigana mabega. Mwalimu alipoaga alivua glavu tena. Alisema jambo refu, na Redio, kwa mara ya pili siku hiyo, akafupisha: anasema tuje tena kabla theluji haijayeyuka.

Wakati wa kurudi tulikaa viti vya nyuma, mimi na yeye. Wengine walikuwa wanabishana nani amesahau kofia ya nani. Akauliza nilikuwa nimesimama wapi.

"Palepale," nikasema. "Karibu na wavu."

"Sikukusikia."

"Ndiyo."

Akaegemeza kichwa kwenye bega langu. Nywele zake zilikuwa na maji. Nilidhani amelala, kumbe anatafuta pa kuanzia.

"Sirudi, mke mwenza," alisema. "Sijui mwaka ujao nitasema nini. Lakini sasa sirudi."

Nilikuwa nimeshalisikia jibu hilo aliponipita pale kwenye wavu, kwa hiyo halikunigonga kama nilivyoogopa. Lilinikaa moyoni, ndiyo. Nikamwambia basi kwenye ndege nitakuwa na viti viwili, mguu wangu mbovu utasafiri kama mbunge. Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena, na mimi nikamfuata katika vyote.

Tulikuwa tumeshateremka nusu ya mlima wakati simu yangu ilipolia. Binti yangu. Aliniuliza tumeshindaje, mtoto ameamkaje, amekula nini, macho je, amesemaje kuhusu safari. Siku zote hizo nilikuwa nayajibu maswali hayo mimi, huku mwenye macho yake amekaa kando yangu.

"Yuko hapa," nikasema. "Ngoja nikupe."

Nikaiweka simu kiganjani mwake, nikafunga vidole vyake juu yake. Kisha nikashikilia viti, nikasogea mbele mpaka nyuma ya Redio ambako kulikuwa na nafasi, nisisikilize. Nyuma yangu nilimsikia akisema "Mama, tulia kwanza nikusimulie," na sauti yake haikutetemeka. Fundi aliona kwenye kioo kwamba nimehama, akapunguza mwendo mpaka nilipokaa vizuri.

Redio aligeuka, macho yamemtoka, akaninong'oneza nimwambie kinachoendelea huko nyuma. Nikamwekea kidole mdomoni pake. Alitii, akashika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia chafya, na alijitahidi, maskini, mpaka kona iliyofuata.